Chanjo ya Pepopunda Isingoje Mimba

Mtoto anayepatwa na pepopunda huzaliwa mzima. Hulia, hunyonya na kulala kama watoto wengine kwa siku mbili za kwanza, na jamaa waliokuja kumpongeza mzazi hurudi makwao na furaha. Kisha, baina ya siku ya 3 na ya 28, na mara nyingi kabla ya majuma mawili kwisha, mtoto hushindwa kunyonya kwa sababu taya zimekaza. Mwili huwa mgumu, mgongo hupinda kama upinde, na hata mwanga wa taa au kishindo cha mlango humfanya akakamae upya. Asipofikishwa hospitali, karibu kila mtoto wa namna hiyo hufa. Na anayefikishwa, aghalabu huwa amekwisha kuchelewa.

Jina la ugonjwa huu linataja pepo, wala si ajabu. Ugonjwa usioambukizwa na mgonjwa yeyote, unaomjia mtoto aliyekuwa mzima jana, ulionekana kuwa kazi ya nguvu zisizoonekana. Nguvu hizo kweli hazionekani kwa macho, lakini makao yake yanajulikana. Mwaka 1884 Mjerumani kijana, Arthur Nicolaier, aliwadunga wanyama udongo wa kawaida, nao wakaugua pepopunda. Mwaka 1889 Mjapani Shibasaburo Kitasato, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, alifaulu kumtenga bakteria mwenyewe, ambaye wanasayansi humwita Clostridium tetani. Bakteria huyu hastawi penye oksijeni. Mazingira yakiwa mabaya hujifunga ndani ya spora, yaani gamba gumu ambalo maji ya kuchemka kwa dakika chache hayalidhuru, na spora hizo hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama kwa miaka mingi. Wembe mchafu, uzi uliookotwa, au majivu na samadi inayopakwa kitovuni, hutosha kuzipeleka mahali zinapopataka: kwenye kidonda kisichopata hewa. Humo spora huamka, na bakteria hutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu.

Kwa sababu hiyo pepopunda haiwezi kufutwa duniani kama ilivyofutwa ndui. Mkoa wa Mwanza ni nchi ya wafugaji na wakulima. Hakuna kampeni ya usafi, hata iwe na bidii namna gani, itakayoosha udongo wote wa Usukuma na visiwa vyake. Kinachoweza kufanywa ni kuutayarisha mwili kabla sumu haijafika. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon alionyesha kwamba sumu za bakteria zikitiwa formalini na joto hupoteza ukali wake, ilhali mwili bado huzitambua na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Sumu iliyopoozwa hivyo huitwa toksoidi, nayo ndiyo chanjo. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, madaktari waliofanya kazi New Guinea walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuwachanja waja wazito hupunguza sana pepopunda kwa watoto wao wachanga. Kingamwili za mama huvuka kondo na kuingia katika damu ya mtoto, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa akiwa na silaha ambayo hakuitengeneza mwenyewe. Hii ndiyo kinga ya kupokea kutoka kwa mwingine ambayo wanafunzi huisoma katika somo la biolojia, pengine bila kuambiwa kwamba wao wenyewe huenda waliishi kwa ajili yake.

Mafanikio yake hayana ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda. Kwa mwaka 2018 makadirio yalikuwa watoto 25,000. Tanzania, iliyoanzisha mpango wake wa chanjo mwaka 1975, ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa kina mama na watoto wachanga. Lakini neno kutokomeza lina maana maalumu hapa. Lina maana kwamba katika kila wilaya hutokea chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Halina maana kwamba hakuna mgonjwa, wala kwamba kazi imekwisha.

Hapa pana jambo ambalo hata watu waliosoma hulisahau. Katika ugonjwa kama surua, watoto wengi wa kijiji wakichanjwa, yule asiyechanjwa hupata nafuu, kwa kuwa virusi havipati njia ya kumfikia. Huishi chini ya mwavuli wa jirani zake. Pepopunda haina mwavuli wa namna hiyo. Haipiti kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, bali hutoka udongoni moja kwa moja. Wanawake 99 wa kijiji wakichanjwa na mmoja akabaki, mtoto wa huyo mmoja hajapunguziwa hatari hata chembe. Na aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua, maana sumu kidogo mno ya kuamsha ulinzi wa mwili hutosha kumuua mtu. Kwa hiyo wastani wa mkoa, hata uwe wa kupendeza, haumwambii mzazi yeyote lolote juu ya mwanawe. Lazima aulizwe mwanamke mmoja mmoja.

Ni nani basi anayebaki? Jibu ambalo husikika upesi ni kwamba hubaki wanawake wasiojali, au walioshikilia mila. Jibu hilo ni jepesi, na takwimu haziliungi mkono. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 98 kati ya 100 waliokuwa wamejifungua walihudhuria kliniki ya waja wazito angalau mara moja. Mtu anayekataa huduma haendi kuifuata. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba 24 tu kati ya 100 walifika katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, na kwamba 51 tu walifika mara 4 au zaidi. Wanawake wanakwenda, ila wengi wanakwenda wamechelewa na hawarudi mara zinazotakiwa. Tatizo basi linahusu wakati na safari kuliko imani.

Na katika chanjo hii wakati ni kila kitu. Mwanamke asiye na kumbukumbu ya chanjo hupewa sindano ya kwanza siku anapofika mara ya kwanza, na ya pili baada ya majuma 4 au zaidi. Sindano ya kwanza huuamsha mwili tu. Kinga ya kutegemewa huja baada ya ya pili, nayo ipatikane angalau majuma 2 kabla ya kujifungua. Ya tatu hutolewa baada ya miezi 6 au katika mimba inayofuata, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Zikitimia 5, mwanamke amekingwa kwa muda wote wa kuzaa. Achukuliwe mfano wa mwanamke anayefika kliniki mimba ikiwa na miezi 7 na nusu. Sindano ya pili ataipata akiwa na miezi 8 na nusu. Akijifungua juma moja kabla ya siku iliyotarajiwa, bado kinga haijakomaa, ingawa katika daftari la kliniki ameandikwa kuwa amechanjwa mara mbili.

Sasa mwanamke huyo awekwe mahali pake. Aishi katika kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kidogo cha Ukerewe kisicho na zahanati. Mumewe huvua dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka hupumzika au huhamia mwalo mwingine. Familia humfuata. Kadi ya kliniki iliyotolewa upande wa Sengerema hulowa katika mtumbwi, au husahauliwa. Mhudumu wa zahanati mpya asiyemjua hana njia ya kusoma historia iliyomo katika damu yake. Humwandika kuwa hajawahi kuchanjwa, na hesabu huanza upya. Wengine kadi zimewapotea mara tatu. Nauli ya mtumbwi hulipwa mbele, na ziwa lina tabia yake. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Anayemlaumu mwanamke wa Ukara kwa kuahirisha safari siku ya mawimbi hajui anachokisema.

Serikali imefanya mengi kupunguza umbali. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na kwingineko kungoja kivuko katika Ghuba ya Mwanza. Wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya, ambao kwa nchi nzima walikuwa 63 kwa kila 100 katika utafiti wa mwaka 2015-16, walifika 81 katika utafiti wa mwaka 2022. Kitovu kinachokatwa kwa chombo safi ni kinga ya pili, na ongezeko hilo ni la kushangiliwa. Lakini wale 19 waliobaki wanajifungulia nyumbani, shambani, njiani au ndani ya mtumbwi, na aghalabu ndio wale wale waliochelewa kliniki. Kinga mbili zinawakosa watu walewale.

Hata mwanamke anapofika, bado kuna mlango wa pili wa kupita, nao umo mikononi mwa zahanati yenyewe. Chanjo ya pepopunda, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe pamoja na ya dondakoo, hufika mara nyingi katika chupa ya dozi 10. Inapotokea amefika mwanamke mmoja tu, mhudumu mwangalifu anayechunga mali ya umma huweza kusita kuifungua chupa kwa ajili ya mtu mmoja, akamwambia arudi siku ya kliniki kubwa. Moyo wake ni mwema, lakini hesabu yake si sahihi. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu, zikisha kuchanganywa na maji yake, lazima zitupwe baada ya saa 6. Chanjo ya pepopunda ni tofauti: ni ya majimaji tangu kiwandani na imetiwa kihifadhi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, chupa iliyofunguliwa huweza kutumika hadi siku 28, maadamu imehifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, tarehe yake haijapita, na kila dozi imevutwa kwa sindano safi. Adui wake mkubwa ni barafu. Toksoidi ikiganda huharibika, na haiponi kwa kuyeyushwa. Kwa hiyo mhudumu anayeisukuma chupa hadi kwenye ukuta wa barafu wa jokofu ili kuilinda, ameiua. Kumrudisha mwanamke aliyevuka maji ili kuokoa dozi 9 ambazo hazikuwa hatarini ni hasara kwa mahesabu ya namna yoyote.

Kuna pia desturi ya kumtaka mwanamke aje na mumewe. Madhumuni yake ni mazuri, kwani kupima virusi vya UKIMWI kwa pamoja kumeokoa maisha mengi. Lakini utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulieleza jinsi wanawake waliokwenda peke yao walivyorudishwa nyumbani. Ikiwa ni hivyo katika vijiji ambako mume yuko shambani mwendo wa saa moja, mzigo huo utakuwaje katika mwalo ambako mume yuko kisiwa kingine, au ambako hakuna mume wa kutajwa? Chanjo haina haja ya ruhusa ya mwanamume. Mwanamke aliyekuja peke yake achanjwe kwanza, mengine yafuate.

Uvumi nao una nafasi yake. Mwaka 2014, katika nchi jirani ya Kenya, kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49 dhidi ya pepopunda ilipingwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini humo, waliodai kwamba chanjo ilichanganywa na homoni ya kuzuia uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakaeleza kwamba vipimo vilivyotumika vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, wala haviwezi kutegemewa kupima chanjo. Maelezo hayo ni sahihi, na idadi ya watoto wanaozaliwa katika nchi zilizochanja mamilioni ya wanawake ni ushahidi ambao hauhitaji maabara. Lakini yafaa kukiri kwamba swali la wananchi lilikuwa na mantiki. Ikiwa pepopunda humpata kila mtu mwenye kidonda, mbona wanachanjwa wanawake peke yao, tena wa umri wa kuzaa? Jibu lipo, nalo ni kuwalinda watoto wachanga wanaokufa upesi kuliko wote. Ila jibu hilo lilipaswa kutangulia sindano, lisije baada ya ugomvi. Anayeuliza swali la busara akadharauliwa, atakwenda kutafuta jibu mahali pengine.

Na swali hilo linafichua udhaifu halisi wa mpango mzima: umeifanya mimba kuwa ndiyo tiketi ya chanjo. Anayebeba mimba huchanjwa kama atafika mapema. Asiyebeba mimba husahauliwa. Ushahidi wake uko Mwanza kwenyewe. Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha mapitio ya wagonjwa 102 wa pepopunda waliotibiwa hapo katika muda wa miaka 10. Zaidi ya 90 kati yao walikuwa wanaume, na karibu 43 kwa kila 100 ya wagonjwa wote walifariki, ingawa walikuwa katika hospitali kubwa kuliko zote za Kanda ya Ziwa. Wanaume huumia kazini zaidi, ni kweli. Jembe, msumari wa mtumbwi na mwiba wa samaki havichagui. Lakini tofauti kubwa kiasi hicho yaelekea inasema pia jambo jingine: wanawake walipita kliniki, wanaume hawakupita popote.

Dawa ya udhaifu huo inajulikana. Mtoto wa Tanzania hupata chanjo ya pepopunda mara 3 katika miezi yake ya kwanza, ndani ya chanjo ya pamoja. Kinga hiyo hupungua kadiri anavyokua, na afikapo sekondari huenda imebaki kidogo mno. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi 3 za kuongeza nguvu: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Umri wa mwisho ni wa shule. Kwamba shule huweza kutumika kwa kazi hii hakuna haja ya kubahatisha, kwani tangu mwaka 2018 wasichana nchini wamekuwa wakipewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na shule zimekuwa mojawapo ya mahali pa kuitolea. Msichana aliyekamilisha dozi zake akiwa darasani, kumbukumbu yake ikiandikwa mahali pasipolowa maji, hatahitaji kukimbizana na tarehe za mimba katika kambi ya dagaa miaka 5 baadaye. Mvulana aliyekaa dawati la nyuma yake naye atapata haki yake.

Kuna wasichana ambao hoja hii inawahusu kuliko wengine. Kabla ya Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuificha, na mimba iliyofichwa haifiki kliniki mapema. Tangu hapo serikali imeruhusu wazazi wasichana kurudi masomoni. Hofu, hata hivyo, haiondoki kwa waraka mmoja, na mwalimu anayejua hesabu ya majuma 4 na majuma 2 iliyoelezwa hapo juu anaweza kumfaa msichana huyo kuliko mhubiri.

Yafaa kuongezwa kwamba hata mama aliyechanjwa barabara hukabiliwa na kikwazo kimoja zaidi katika nchi za malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, katika pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba malaria iliyoingia katika kondo, na vilevile virusi vya UKIMWI, hupunguza kingamwili za pepopunda zinazomfikia mtoto. Mwambao wa Ziwa Victoria ni nchi ya mbu. Chandarua na dawa ya kuzuia malaria wakati wa mimba basi ni sehemu ya chanjo, ingawa havidungwi.

Walimu wa biolojia wanaotaka kuyapima haya hawana haja ya maabara. Wanafunzi waombwe wawaulize wazazi kadi zao za kliniki za utotoni, wahesabu bila kutaja majina ni wangapi wana dozi 3 zilizoandikwa, wangapi wana pungufu, na wangapi kadi zao hazipo tena. Wavulana na wasichana wahesabiwe mbalimbali. Darasa la wanafunzi 40 likikosa kadi 30, hayo nayo ni matokeo, na mganga wa zahanati ya jirani atafurahi kuyaona.